Samaki Mkavu Mbele ya Piano

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi, wapenzi wasomaji, sina ugomvi na wahenga, maana ndio wanaonilisha: kila muhula nawafundisheni methali zao na kusahihisha insha mnazoziandika juu yake. Lakini ziko methali ambazo sisi watu wazima tumezigeuza blanketi. Mtu akishapita miaka arobaini, ukimwambia ajifunze jambo jipya, hujifunika gubigubi na huyo samaki wake, akageukia ukutani akalala. Mimi mwenyewe nililala humo miaka mingi. Makala haya nayaandika nikiwa macho, ingawa vidole vyangu bado vina usingizi.

Wengi wenu mmeshanisikia. Chumba cha muziki kimepakana na bwalo, na sauti haina adabu, hupita hata palipofungwa. Basi yule anayepiga piano kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na robo jioni, kama mtu anayepapasa akitafuta sarafu gizani, ni mimi mwalimu wenu wa Kiswahili. Nilianza Januari 2024 nikiwa na umri wa miaka 49. Jina mlilonipa nalijua. Sitalitaja hapa kwa kuwa mhariri wa jarida hili ni mmoja wa waliolibuni.

Kwanza niwaambieni nilikotoka. Mwaka 1986 nilikuwa darasa la sita, huku huku Taita. Shule niliyosoma ilikuwa na kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi. Siku moja tulipangwa mstari, kila mtoto akaguse. Zamu yangu ilipofika, mwalimu aliitazama mikono yangu, akacheka, akasema hivi ni vidole vya jembe. Kisha akanipiga rula moja kwenye vifundo vya vidole na kuita mwingine. Darasa zima likaangua kicheko. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto zaidi ya hamsini na kinanda kimoja. Lakini maneno yale niliyabeba miaka 38. Niliimba besi kwenye kwaya, nikasoma, nikaoa, nikafundisha, na kila nilipoona kinanda nilitia mikono mfukoni.

Sasa hebu niambieni, hapo samaki alikuwa mkavu? Alikuwa mbichi kabisa! Aliyetakiwa kumkunja ndiye aliyemtupa.

Muhula wa kwanza wa 2024 ulipofunguliwa nilitumwa kuhesabu mali ya shule. Katika chumba cha muziki nikaikuta piano yetu imesimama kando ya magunia ya maharagwe, maana chumba kile kilikuwa kimekuwa stoo. Nikafunua kifuniko nikahesabu vibonyezo, kwani ndiyo kazi niliyotumwa. Viko 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, kama piano yoyote kamili. Saba havikutoa sauti. Nikawa naandika "saba vibovu" kwenye karatasi, mara nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, wa kwaya, aliyejifunza kwao tangu angali mdogo. Akauliza, "Mwalimu, kwani unapiga?" Nikasema la. "Unataka?" Nikasema ndiyo kabla akili haijapata nafasi ya kunizuia.

Ndivyo nilivyopata mwalimu.

Watu wakasema, bwana. Katika chumba cha walimu mmoja aliniuliza kama si rahisi kununua redio. Mwingine alitaka kujua nitafanya mtihani lini, kwa sababu hapa kwetu kitu kisichokuwa na mtihani hakina maana. Mama watoto alinitazama kwa muda, akasema afadhali piano kuliko mambo mengine ambayo wanaume wa umri wangu huyaanza. Nikaridhika na baraka hiyo.

Piano, kwa msioijua ndani, si mashine ya ajabu. Mwitaliano Bartolomeo Cristofori wa mji wa Florence ndiye aliyeiunda karibu na mwaka 1700. Vinanda vingi vilivyotangulia vilikuwa vinadonoa nyuzi, kwa hivyo ukigusa kwa nguvu au kwa upole sauti ilikuwa karibu ile ile. Yeye akaweka nyundo ndogo ndogo. Ukibonyeza, nyundo hupiga waya kisha hurudi, na nguvu ya kidole chako ndiyo nguvu ya sauti. Hata jina lake kamili, pianoforte, maana yake ni taratibu na kwa nguvu. Mimi nililijua hilo kwa kitabu baadaye. Kwa mikono nililijua siku ya kwanza. Nilitoka kwenye mkutano wa walimu nikiwa nimekasirika, nikakaa, na piano ikamwambia kila mtu bwaloni kwamba nimekasirika.

Nilidhani tatizo litakuwa vidole vya jembe. Kumbe vidole hukubali. Siku za mwanzo kidole cha pete na cha mwisho huinuka pamoja kama ndugu waliozoea kulala kitanda kimoja, lakini dakika ishirini kila siku, kidogo kidogo, huwatenganisha. Nasema dakika ishirini kila siku. Saa mbili za Jumamosi peke yake nimezijaribu, zinachosha mgongo na kusahaulika kufikia Jumatatu. Wataalamu wa ubongo nao wanakubali kwamba ubongo wa mtu mzima huendelea kujenga njia mpya kwa mazoezi. Mikono miwili pamoja ndiyo kazi hasa. Mkono wa kulia una wimbo, wa kushoto una mapigo yake, na wewe uko katikati kama mtu aliyeambiwa atwange na apepete kwa wakati mmoja. Dawa ni kuwafundisha mbali mbali, kila mmoja peke yake, polepole hadi uchoke, ndipo uwakutanishe.

Tatizo lenyewe lilikuwa masikio. Mtoto wa miaka saba anapoanza, masikio yake na mikono yake vina umri mmoja. Akikosea hasikii kosa sana, anacheka anaendelea. Mimi masikio yangu yamesikiliza kwaya miaka thelathini. Yanajua wimbo unavyotakiwa kuwa, na kila mkono unapokosea yanasema ebo! Mtu mzima anayejifunza ana masikio ya mzee na mikono ya mtoto mchanga, na lazima hao wawili wakae nyumba moja. Wengi huacha hapo. Husema "sina kipaji", lakini ukichunguza utaona wameona haya kujisikia wakiwa wabaya.

Hata ujuzi wangu wa kwaya ulinipiga mtama. Sisi tuliolelewa na do-re-mi ubaoni tunajua kwamba do huhama: leo iko chini, kesho mwalimu wa kwaya anaipandisha kwa kuwa wasichana wanataka kung'aa. Kwenye piano kibonyezo hakihami. Vitabuni wanaviita kwa herufi, C, D, E, hadi G, na A na B zikiwa zimeenda kukaa mwisho. Nikisema "do" binti ananiuliza "do ya wapi, mwalimu?" Nilichukua wiki nzima kukubali kwamba swali lake lilikuwa la haki.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Baada ya wiki sita nilikuwa najivuna. Nilikuwa naweza kupanda kwa mkono wa kulia kutoka C hadi C ya pili, vibonyezo vinane vyeupe. Nilipanda hivi: kidole gumba kwenye C, cha shahada kwenye D, cha kati kwenye E, cha pete kwenye F, cha mwisho kwenye G. Hapo vidole vimekwisha na ngazi bado. Basi nainua mkono mzima kama mtu anayeruka mtaro, nautua upya kwenye A, namalizia. Ukienda polepole haisikiki. Lakini siku nilipojaribu kuongeza mwendo, pale kwenye mtaro pakatokea pengo, na kila niliporudia pengo likawa pale pale, kama jino lililong'oka. Nikailaumu piano. Nikalaumu unyevu na ukungu wa milima yetu. Binti akayatazama magunia ya maharagwe, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mwalimu. Gumba hupita chini."

Akanionyesha. Ukishapiga E kwa kidole cha tatu, gumba huteleza chini ya kiganja na kuishika F, halafu vidole vingine vinaanza upya juu yake. Mkono hauinuki hata kidogo. Vidole vitano vinatosha vibonyezo vinane, na kumi na vitano pia, hadi ufike mwisho wa piano. Nilibaki nimeduwaa.

"Tangu lini unajua nakosea?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza, mwalimu."

"Na mbona hukuniambia?"

Akacheka kwa aibu. "Ningekuambiaje, mwalimu? Ungekuwa fomu wani ningekuambia."

Wiki sita! Alikuwa amekaa kando yangu wiki sita akinitazama nikiruka mtaro, na heshima ikamfunga mdomo. Wala sikuweza kumlaumu. Amelelewa vizuri. Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima "umekosea" hivi hivi, na mimi ni miongoni mwa wanaomfundisha hivyo. Desturi hiyo siipigi vita. Lakini kuanzia jioni ile nilijua kwa nini watu wazima hatujifunzi: walio karibu nasi wanaona kosa letu na wananyamaza kwa heshima, nasi tunauchukua unyamavu wao kuwa sifa. Mtoto hurekebishwa mara mia kwa siku. Mzee hurekebishwa akishaanguka.

Mlango huo lazima aufungue mkubwa mwenyewe, kwa sababu mdogo hana ufunguo. Tukakubaliana na binti kwamba kifuniko cha piano kikiwa wazi, yeye ndiye mwalimu. Bado hakuweza kutamka neno "umekosea", nami sikumlazimisha. Tukapata njia: nikikosea anagonga ubao wa piano mara mbili kwa kidole. Ko-ko. Siku ya kwanza ya mpango huo aligonga hadi nikadhani kuna fundi seremala chumbani. Kuliacha lile kosa la wiki sita kulinichukua muhula mzima, maana mkono ulishaliweka kuwa sheria. Kujifunza mara ya kwanza kulikuwa kwepesi kuliko kufuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama madaftari yenu kwa jicho jingine. Yuko kijana mmoja, hatajwi, aliyeandika "hii ndio" badala ya "hii ndiyo" tangu kidato cha kwanza. Mimi nimekuwa nikilipigia mstari mwekundu kosa lile miaka miwili, na mara nyingine pembeni naandika "Mzembe!" Yeye naye miaka miwili ameendelea kuruka mtaro ule ule. Nilikuwa namwambia kuna pengo. Sikuwahi kukaa naye nikamwonyesha gumba linapita wapi. Nilipomweka chini nikamfafanulia upatanisho wa ngeli ile kwa mifano kumi, ilichukua dakika nane. Nilimwomba radhi pia, ingawa sijui kama alielewa naomba radhi ya nini. Tena nyinyi darasani mna tabia ya kuitikia kwa pamoja "ndiyo mwalimu" hata pale ambapo mmeachwa njiani. Sasa najua maana ya ile ndiyo. Ni yale magunia ya maharagwe.

Kuna watakaosema haya ni ya mtu mmoja na mwenye bahati. Watanitajia, kama wanavyotaja wote, Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu sana Mzee Maruge. Ila nimechoka na jinsi tunavyomtaja, kana kwamba alikuwa muujiza. Ukimfanya mtu muujiza umejisamehe wewe kufanya alichofanya. Mimi napenda zaidi mfano wa Siti binti Saad, ambaye nyinyi wanachama wa Chama cha Kiswahili mmemsoma katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akawa anauza vyungu. Alihamia mjini Zanzibar mwaka 1911, mtu mzima tayari. Sauti alikuwa nayo, alikuwa akinadi vyungu vyake kwa kuimba, lakini ufundi wa muziki alikwenda kufundishwa na Ali Muhsin katika umri ambao wengi wangemwambia arudi kwa vyungu vyake. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodiwa santuri. Alikubali kuwa mwanafunzi, basi.

Mimi sitafika Bombay. Niseme ukweli: mtoto wa miaka sita akianza leo kwa bidii atanipita kabla sijastaafu, na hapo wahenga wamenishinda. Lakini nani alisema lengo ni kumpita mtoto? Nilitaka kuupiga wimbo wa Malaika, ule ambao marehemu baba alikuwa akiuimba puani akishona viatu, na kwa namna yake nyepesi wimbo ule hutosheka na chodi tatu tu. Nimezipata mbili na nusu.

Imebaki habari ya piano yenyewe. Katika mkutano wa wazazi wa mwaka huu ilitolewa hoja kwamba iuzwe, chumba kiwe stoo kamili, na fedha zinunue madawati. Hoja ilikuwa fupi: shule yetu haina mtahiniwa hata mmoja wa Muziki katika KCSE, kwa hivyo piano ni ya nani? Mtoa hoja hakukosea kuhusu madawati. Yapo darasa ambalo wanafunzi watatu wanabanana kwenye dawati la wawili, nimeliona. Lakini bei aliyoitaja dalali ni ya mbao, haifiki hata madawati kumi, na siku tukitaka piano nyingine hatutainunua kwa bei ya mbao. Jambo jingine ni hili: shule hii hii hupeleka kwaya kwenye Tamasha la Muziki, tamasha lililoanza 1927, na vikombe tunavipanga ofisini ili wageni wavione. Tunapenda kikombe, hatupendi chombo.

Ila hoja yangu kubwa ni mama mmoja wa jikoni. Amepita miaka hamsini, amewapikia nyinyi na kaka zenu kabla yenu. Mwaka huu, mwezi wa Februari, alisimama mlangoni akipangusa mikono kwa leso, akanisikiliza nikiumana na mkono wa kushoto. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi hata darasa la nane sikumaliza. Mtu kama mimi anaruhusiwa?" Sikujua jibu. Kwa kweli hakuna mahali palipoandikwa kwamba anaruhusiwa, wala kwamba haruhusiwi. Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamwambia aketi. Leo anakuja Alhamisi akishatoa chai. Mkono wake wa kushoto unatii kuliko wangu, nadhani ni kwa sababu miaka yote ya kusonga ugali wa watu mia nne ameshika mwiko huku na sufuria huku, kila mkono na kazi yake. Binti humgongea ubao kidogo sana. Mimi nagongewa bado.

Basi, waheshimiwa wazazi mtakaolisoma jarida hili siku ya mkutano, hesabuni tena kabla ya kuuza. Wanafunzi wanne wa kwaya, mwalimu mmoja mwenye vidole vya jembe, na mama mmoja wa jikoni: ndio sisi tunaoitumia. Hatuna mtihani wa kuwaonyesha. Tunachoomba ni maharagwe yahamishwe, maana yanaleta panya na panya hula vitambaa vya nyundo, na kwamba Jumamosi mchana chumba kifunguliwe kwa mfanyakazi yeyote wa shule anayetaka kujaribu. Fundi wa kuirekebisha sauti itabidi atoke Mombasa au Nairobi, na gharama hiyo mimi niko tayari kuichangia.

Vibonyezo vibovu vilikuwa saba, sasa vimebaki vitano; viwili tulivifungua wenyewe tukakuta ni punje za maharagwe zilizoingia. F iliyo juu ya C ya kati nayo imeanza kukwama tangu juzi, na ndiyo hiyo ambayo gumba langu hupitia chini kuishika. Jumanne saa kumi na robo nitakuwa pale. Mwenye bisibisi ndogo aje nayo.